Chupa Ishirini na Tatu

Msikilizaji, leo nimeingia studio na daftari ambalo si langu. Nimeliazima kwa jirani yangu mmoja hapa Chemchem, na nimemwahidi kulirudisha kabla ya adhana ya magharibi, maana kesho alfajiri anasafiri nalo. Ni daftari la kawaida la shule ya msingi, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Limechakaa hadi limeshonwa kwa uzi mweusi. Ndani kuna mistari 23, na kila mstari una tarehe, neno "chupa", na jina la mtu.

Si chupa za soda. Ni za damu. Najua siku hizi damu inakuja kwenye mfuko laini wa plastiki, lakini huku kwetu mtu bado anatundikiwa chupa, na mama wa watu kaandika anavyosema. Aliyetundikiwa ni mwanawe wa kiume wa miaka 9, mwembamba, kilo 20 na ushee, macho yana umanjano na mdomo hauishiwi maswali. Majina yaliyo mwisho wa mistari ni ya waliokwenda kuchangia damu kila mtoto alipolazwa: mjomba, shemeji, kijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu, ustadhi wa madrasa mara mbili. Nilimuuliza mama kwa nini aliyaandika. Akanijibu, "Babu, hili ni deni. Na wao wana watoto."

Basi hilo daftari lilianza kama kitabu cha madeni. Mimi nimeliomba kwa sababu ya kitu ambacho humo ndani hakikuandikwa hata mara moja, nacho ni chuma.

Nipe nafasi nianzie dukani.

Zamani kidogo nilikuwa nimesimama kwenye duka la dawa, jina silitaji, nasubiri chenji. Akaingia mama huyuhuyu na mwanawe. Muuzaji akamwangalia mtoto usoni, akamvuta kope ya chini kama tunavyofanya sote, akaona ndani pamepauka. Akanyoosha mkono kwenye shelfu na kushusha dawa ya maji, nyekundu iliyokolea. "Mpe hii ya kuongeza damu, asubuhi na jioni." Mama akalipa, wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza swali, na mimi niliyekuwa pale na mdomo wangu huu unaojulikana mji mzima, sikuuliza. Ilikuwa chupa ya ngapi? Baadaye aliniambia hakumbuki. Hizo hakuziandika kwa sababu alizinunua taslimu, hakuwa na deni la mtu.

Sasa tuliangalie hilo neno letu, kuongeza damu. Mtoto akitundikiwa damu ya mtu mwingine, tunasema ameongezewa damu. Mjamzito akipewa vidonge vya FEFO kliniki, anaongeza damu. Bibi akichemsha rozela, akakamua bitiruti, akabandika tembele, naye anaongeza damu. Kitenzi ni kilekile, na ndani yake tumefunga mizigo tofauti kama wapagazi walivyofunga kaniki na shanga kwenye mtumba mmoja. Ile chupa ya hospitali ina chembe nyekundu zilizokwisha kutengenezwa, na chuma chake ndani. FEFO na dawa ile ya dukani ni malighafi: zinampa mtu chuma ili mwili wake wenyewe uunde damu. Rozela ni kinywaji kizuri, na mimi nakinywa.

Wazee walikuwa na neno safura. Mtoto amevimba uso, amepauka, analamba udongo, na tumboni ana minyoo inayomnyonya damu kidogokidogo kila siku. Huyo kweli anavuja chuma. Mtoe minyoo, mpe chuma, umlishe vizuri, utamwona anavyochangamka. Watoto wa namna hiyo ni wengi sana na ile dawa nyekundu ni haki yao. Sitaki mtu azime redio akamwage dawa ya mwanawe au akafiche FEFO za mkewe, tafadhali sana. Mjamzito aendelee kumeza kama alivyoelekezwa.

Lakini yuko mtoto mwingine. Ukimvuta kope, amepauka vilevile. Damu yake imepungua kwa sababu chembe zake nyekundu hazina maisha. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hudumu wiki 2 au 3 tu, na za mwenye talasemia nzito, ugonjwa mwingine wa kurithi, nyingine hufa kabla hata hazijatoka kwenye uloto zinakotengenezwa. Chembe ikivunjika, chuma kilichokuwa ndani yake hakiendi popote, kinabaki mwilini. Ni kama nyumba iliyobomoka: matofali yote yako palepale chini. Ukimletea mwenye nyumba hiyo lori lingine la matofali, hujamjengea. Umemzibia njia ya kutokea.

Tufanye hesabu, si tuna jedwali nyuma ya daftari. Mtu mzima mwenye afya ana chuma gramu 3 hadi 4 mwili mzima. Chukua msumari wa inchi mbili na nusu, ule wa kupigia papi, uweke kiganjani; uzito wake ni karibu huohuo. Huo ndio utajiri wote wa chuma alionao mtu mzima. Kila siku tunapoteza miligramu 1 au 2, kwa ngozi inayobanduka na utando wa utumbo, na tunaingiza kiasi hichohicho kutoka kwenye chakula. Maji yakizidi mwilini tunakwenda haja ndogo. Chumvi ikizidi inatoka njia hiyohiyo. Chuma hakina njia. Mwenyezi Mungu alipoumba mwili huu aliweka mlango wa kuingizia chuma, wa kutolea ziada hakuuweka, labda kwa sababu enzi zote hizo shida ya binadamu ilikuwa kukosa, haikuwa kuzidiwa.

Kwa hiyo mwili unalinda mlango wa kuingilia. Bawabu wake ni homoni inayotoka kwenye ini, inaitwa hepsidini, na wanasayansi wamemfahamu bawabu huyu juzijuzi tu, kuanzia mwaka 2000 na 2001. Chuma kikitosha, hepsidini inapanda na utumbo unafunga. Kwa mwenye talasemia bawabu anadanganywa. Uloto unahangaika usiku na mchana kutengeneza chembe zinazokufa, na kila unavyohangaika unapeleka ujumbe kwamba kuna njaa. Bawabu anasikia kilio, anaacha mlango wazi. Ndiyo maana mtoto mwenye talasemia anaweza kujaa chuma hata kama hajawahi kutundikiwa chupa moja, kwa mboga na maharage ya nyumbani tu, miaka ikipita.

Na damu inayoingia mshipani haipiti kwa bawabu kabisa. Chupa moja ya mtu mzima ina chuma cha miligramu 200 hadi 250. Kwa saa chache kinaingia kiasi ambacho tumbo lingekichukua kwa miezi mingi. Mtoto hamalizi chupa nzima kila mara, maana hupimiwa kwa uzito wake, kwa hiyo tukadirie kwa huruma: miligramu 150 kila mstari wa daftari. Zidisha kwa 23. Unapata miligramu 3,450. Kijana wa kilo 20 amewekewa msumari mzima wa mtu mzima, juu ya ule mdogo aliozaliwa nao. Na hapo sijaigusa ile dawa nyekundu ya dukani.

Msumari huo unakaa wapi? Unaanzia kwenye ini. Ukijaa huko, chuma kinazunguka huru, na chuma huru kikikutana na oksijeni mnajua kinachotokea, kila mwenye paa la bati hapa Tabora anajua. Ni jamaa yake kutu, ila hapa kinachochakaa ni nyama ya mtu. Ini linakuwa na makovu. Kongosho linaharibika na mtoto anapata kisukari. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoamuru mtoto arefuke na abalehe, inachoka, na ndipo unaona kijana wa miaka 16 ana umbo la mtoto wa miaka 10, wenzake wanamwita kibushuti. Kwa wenye talasemia nzito kinachoua zaidi ni moyo. Kwa wenye selimundu moyo hustahimili zaidi, ini ndilo linalobeba mzigo. Na miaka yote hiyo hakuna maumivu ya kusema hapa ndipo chuma kilipo. Homa utaiona, uvimbe utauona. Chuma kinaingia kimya.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Namwona. Lakini siwezi kuacha habari ya njia ambazo ugonjwa wa kijana huyu ulipitia.

Jina talasemia linatokana na neno la Kigiriki thalassa, bahari. Daktari Thomas Cooley wa Detroit, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1925 kwa watoto wa wahamiaji, na baadaye ukapewa jina la bahari kwa kuwa wengi waliojulikana walikuwa na asili ya pwani za Mediterania. Sisi hapa bahari tunaisikia tu. Lakini bahari ilitufuata kwa miguu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapahapa, Novemba 1857, walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman, na walikuta Waarabu wa Unyanyembe wana nyumba, mashamba na familia. Misafara ilishuka Bagamoyo na kupanda tena, watu walioana, watoto wakazaliwa wakiitwa Waswahili wa Tabora. Bibi mzaa baba wa kijana wetu wa daftari ni wa ukoo wa Oman. Upande wa mama ni Wanyamwezi wa Uyui.

Kijana alipokuwa na miaka 3 waliambiwa ana selimundu, au siko seli kama wengi tunavyosema. Mwaka jana tu, alipopelekwa Mwanza na kupimwa upya, ndipo ikaonekana kwamba amerithi selimundu kwa mama na talasemia ya beta kwa baba. Nilipoelezwa nilikumbuka stesheni yetu. Treni ya Mwanza na treni ya Kigoma kila moja ina reli yake, zinakutana Tabora. Mwilini mwa mtoto huyu njia mbili zimekutana namna hiyo.

Na hapa naomba mtu asianze kunyoosha kidole. Nimeshasikia mtu akisema, "Kumbe Waarabu ndio walituletea." Hakuna aliyemletea mwenzake. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayebeba nusu ya selimundu, yaani kairithi kwa mzazi mmoja, anakingika zaidi na malaria kali kuliko asiyeibeba. Talasemia nayo ilistawi palepale mbu walipostawi. Oman ilikuwa na malaria, Unyamwezi ina malaria mpaka leo. Kwa Waomani, karibu watu 6 katika kila 100 wanabeba selimundu na 2 hadi 3 wanabeba talasemia ya beta, na sehemu ya hiyo selimundu yao ilitoka huku Afrika Mashariki, kwenye majahazi yaleyale. Msafara una kwenda na kurudi. Huku kwetu, utafiti wa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa 2018 kwa sampuli zilizopimwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ulikuta mtoto 1 katika 5 anabeba selimundu, na zaidi ya 1 katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe. Hesabu darasa moja la kwanza katika shule yoyote ya manispaa yetu, lile la watoto tisini, uone.

Kuna talasemia nyingine, ya alfa, ile nyepesi, ambayo pwani ya Kenya, Kilifi, zaidi ya nusu ya watoto wanayo kwa kiasi fulani. Haiumizi, na yenyewe inakinga malaria. Ninaitaja kwa sababu moja. Ukipima damu ya mtoto mwenye hiyo alfa, mashine inaonyesha chembe ndogondogo, na chembe ndogo ndiyo dalili inayofundishwa ya kukosa chuma. Basi anaandikiwa chuma. Miezi mitatu baadaye chembe bado ni ndogo. Anaongezewa chuma.

Hilo la kumpa kila mtoto chuma kwa kudhani hakidhuru lilishajaribiwa, na halikujaribiwa mbali. Lilijaribiwa Pemba. Kuanzia 2002 watafiti walifanya kazi na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyo Wawi, Chake Chake, wakagawa vidonge vya chuma na foliki asidi kwa maelfu ya watoto wadogo, wa mwezi 1 hadi miezi 35, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ili walinganishwe. Nia ilikuwa njema: watoto wa Pemba wamepauka, wapewe chuma. Agosti 2003 ugawaji wa chuma ulisimamishwa ghafla. Waliopewa chuma walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2006: hatari ya kuugua sana hadi kulazwa, au kufa, iliongezeka kwa asilimia 12. Pemba ya wakati ule ilijaa malaria, na inadhaniwa chuma cha ziada kiliwapa vijidudu chakula. Sehemu ya pili ya matokeo inasikika mara chache: watoto waliopimwa na kukutwa kweli hawana chuma, hao hawakudhurika hivyo, walinufaika. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Visiwa vyetu viliifundisha dunia nzima, na bado mie nilisimama dukani Chemchem nikimwona mtoto anavutwa kope na kupewa chupa.

Tabora yenyewe ni ya kuheshimu chuma. Majembe ya mafundi wa Usumbwa na Uzinza yaliuzwa hapa sokoni, na kwa Wanyamwezi yalilipa mahari. Mtu mwenye majembe mengi alikuwa tajiri. Huwezi kuwalaumu watu wa asili hiyo wakiamini kwamba chuma hakizidi.

Sasa niseme la tiba, maana najua mama mmoja yuko jikoni anasikiliza moyo unamwenda mbio. Dada, damu usiikatae. Mtoto akiwa na damu 4, hana muda wa kusubiri falsafa ya mzee wa redioni, atundikiwe. Chupa ile inaokoa maisha leo, na chuma kinadai baadaye. Lakini deni la baadaye nalo lina kulipwa, na lina dawa.

Dawa ya kwanza, deferoksamini, ilitoka kwa bakteria wa udongoni, ikaingia matumizini miaka ya 1960. Inashika chuma na kutoka nacho kwenye mkojo na choo, na mkojo unageuka rangi ya kutu, ukiuona unajua kazi inafanyika. Shida yake ni kwamba haifai kumezwa. Inaingia kwa sindano ndogo chini ya ngozi ya tumbo, polepole, saa 8 hadi 12, usiku kucha, siku 5 au zaidi kwa wiki, kwa pampu ndogo. Fikiria mtoto wako analala hivyo kila usiku, mpaka aote ndevu. Ulaya wako waliokulia hivyo, na ndio hao leo wana wajukuu, wakati kaka zao waliopata damu bila dawa hii wengi walikufa kabla ya miaka 20. Baadaye vikaja vidonge: deferiproni miaka ya 1990, ambayo inamtaka mtoto apimwe chembe nyeupe mara kwa mara, na deferasiroksi mwaka 2005, ambayo inayeyushwa kwenye maji na kunywewa mara moja kwa siku, huku figo na ini vikiangaliwa. Hiki cha mwisho ndicho alichoandikiwa kijana wetu.

Kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma kinaitwa feritini. Wataalamu huanza kufikiria dawa ya kutoa chuma ikipita 1,000, au mtoto akishatundikiwa chupa 10 hadi 20, kimojawapo kikitangulia. Ya kijana ilikuwa 2,400. Na si kipimo cha kufanya siku mtoto ana malaria, kwa sababu homa yenyewe huipandisha; apimwe akiwa mzima.

Lalamiko langu ni hili, na halimhusu mtu mmoja. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko hapahapa Tabora. Damu inakusanywa, inapimwa virusi, inafika wodini, na haiuzwi. Hiyo ni kazi kubwa na naivulia kofia. Ila tumejenga barabara ya kwenda tu. Damu inapatikana Tabora, kipimo cha feritini mzazi anakifuata mbali, na kidonge cha kutoa chuma anakifuata mbali zaidi, kwa bei ya mbuzi kila mwezi. Mtoto anatundikiwa hospitali hii mwezi wa tatu, hospitali ile mwezi wa saba, kila moja ina faili lake, na hakuna faili hata moja linalojua jumla. Jumla inajulikana na daftari hili lililoshonwa kwa uzi. Daktari wa Mwanza alipolipokea alilisoma kimya, akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu, ndipo akaagiza kipimo. Mama aliandika ili alipe fadhila. Kumbe alikuwa anamwandikia daktari.

Kwa hiyo kama unaye mtoto anayetundikiwa damu mara kwa mara, nunua daftari. Ukifika duka la dawa, kabla ya kulipia ya kuongeza damu, sema, "Mwanangu ana selimundu," au "alishatundikiwa mara kadhaa." Muuzaji mwenye akili atarudisha ile chupa kwenye shelfu. Foliki asidi pekee ni jambo jingine, hiyo haina chuma, na wenye selimundu huandikiwa. Wenye selimundu waulizie pia haidroksiyurea: ilijaribiwa kwa watoto 606 huko Kinshasa, Luanda, Mbale na Kilifi, matokeo yakatolewa 2019, na waliopewa walipungukiwa na haja ya kuongezewa damu, na malaria pia ikapungua. Chupa usiyoihitaji haikuachii chuma. Na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Ni kwa wachache bado, lakini Dodoma ni safari ya treni.

Halafu chai. Hili limenifurahisha sana. Tunawaambia akina mama kila siku wasimpe mtoto chai ya rangi pamoja na chakula, kwa sababu majani ya chai yanashika chuma tumboni na kukizuia kuingia. Ni kweli kwa mtoto wa safura. Kwa mtoto wa talasemia, sababu hiyohiyo inamfanya daktari amruhusu kikombe chake pamoja na ugali na maharage. Nyumba moja, sinia moja, ndugu wawili, mmoja ananyimwa chai na mwingine anamiminiwa. Mwambie hilo bibi yake, mtagombana hadi usiku.

Juzi nilipokwenda kuliazima daftari nilimkuta kijana barazani amefungua redio mbovu ya baba yake. Ametoa spika, kaivunja, kachukua sumaku ya nyuma. "Shikamoo Babu." Nikaitikia marahaba. Akaniuliza kama ni kweli nilimwambia mama ana msumari tumboni. Nikasema msumari umeyeyuka, umetawanyika, hauonekani. Akafikiri. "Sasa sumaku itanikamata?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya. Kuna mashine ya MRI, ni sumaku kubwa unalazwa ndani yake, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wameitumia kujua chuma kilichomo kwenye ini na kwenye moyo, bila kumchana mtu, kwa kuangalia jinsi chuma hicho kinavyovuruga ile sumaku. Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akasikiliza mpaka mwisho, akainua fulana, akabandika sumaku ya spika kifuani, upande wa moyo, akaachia mkono.

Ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaibandika ubavu wa kulia, lilipo ini. Ikaanguka tena.

Akaipangusa vumbi, akasogea, akaanza kufungua kifungo cha shati langu ajaribu kwangu.